Kipande cha Nje ya Puli

Baba yangu hakuwa na desturi ya kusema mashine imeharibika. Alisema inakohoa, au inasaga meno, au, hali ikiwa mbaya kabisa, alisema inadanganya. Mashine inayodanganya ni ile inayonguruma vizuri kwa nje huku ndani kuna kitu kinaachia taratibu. Hiyo ndiyo aliyoiogopa. Zile nyingine zote alizifungua asubuhi, akazifunga mchana, akanawa mikono kwa majivu na sabuni ya mche, akaja kula.

Alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa kijijini kwetu Maguu. Mashine haikuwa yake, ilikuwa ya kikundi cha wakulima, na yeye aliitunza kama mtu anayetunza mtoto wa jirani, yaani kwa hofu zaidi kuliko angekuwa wake. Niieleze kidogo, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka. Kuna ngoma inayovua kahawa mbivu ganda lake jekundu. Katikati ya ngoma inapita shafti, chuma cha duara kinene kama mpini wa jembe. Upande mmoja shafti inatokeza na kuvaa puli, na puli inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini ya dizeli. Nje ya puli, shafti inabakiza mkia mfupi, urefu wa kidole, ambao hauna kazi yoyote. Uko pale kwa sababu aliyechonga shafti hakutaka kuipunja.

Kila mwaka kabla ya msimu baba aliitoa shafti, akaifunga kamba ya mgomba, akaitundika kwenye boriti ya banda. Kisha aliigonga mara moja kwa spana ndogo na kuinamisha kichwa. Watu waliokuwa bandani walinyamaza wenyewe. Mimi nilikuwa naketi juu ya gunia tupu, nimejiziba mdomo kwa kiganja, nikifuata ule mlio mpaka unapotelea mahali ambapo sikuweza tena kuufuata. Yeye aliendelea kuinama. Alikuwa bado anasikia. Baadaye aliinuka na kusema, "Inaimba," na watu wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Nilisoma, nikasoma tena, nikasafiri kwenda kusoma nchi ya baridi, na mwishowe nikaangukia kazi ambayo ukiivua majina yake makubwa ni ile ile ya baba. Ninatumia hadubini ya sauti. Haina jicho. Ina lenzi ndogo inayotuma sauti chini kwenye chuma na kuipokea ikirudi, sauti ya juu sana kiasi kwamba hakuna sikio la mtu wala la popo linaloweza kuipata. Kutokana na jinsi inavyorudi, tunajua chuma ni kigumu kiasi gani, kinanyumbuka kiasi gani, na wapi kimeelemewa. Chuma kinachovutwa hupitisha sauti kwa mwendo tofauti kidogo na chuma kilichopumzika. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na ndiyo niliyoiandikia shahada yangu ya uzamivu: nilibana vipande vya chuma kwenye jiriwa, nikavivuta kidogo kidogo, na kila nilipovuta nilipima sauti inavyokwenda.

Likizo ya kwanza niliporudi nyumbani nilimweleza baba haya yote jikoni. Mama alikuwa anapeta mahindi. Nilimwambia kwamba kati ya lenzi na chuma lazima tuweke tone la maji.

"Maji ya nini?" aliuliza.

"Sauti yetu ni ya juu mno, baba. Haiwezi kuvuka hewa."

"Basi ni sauti ya woga hiyo," alisema, na mama akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Lakini baba hakucheka sana. Alikaa akinitazama, akisugua kucha zake ambazo hazikuwahi kuwa safi tangu nimjue. Kisha akauliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza kwa ufupi namna ile.

"Mnakipima kikiwa kinavutwa, au kikiwa kimelala?"

"Kikiwa kinavutwa, baba. Kikilala hakisemi kitu."

"Sawasawa," alisema. "Hapo tunaelewana."

Naomba unayesoma ulikumbuke jibu langu hilo. Mimi niliyelitoa nililisahau.

Mwaka wa kosa langu, nikiwa tayari nafanya kazi Dar es Salaam, kahawa ilizaa vizuri na baridi ilikuwa kali. Ukungu ulikaa mabondeni mpaka saa nne, na watu waliotoka kuvuna walifika bandani wamelowa kana kwamba wamevuka mto. Kahawa mbivu haitaki mchezo. Ikivunwa leo lazima imenywe leo. Ikilala inachacha, na mkulima aliyehangaika nayo mwaka mzima anapata kitu cha daraja la chini. Katikati ya msimu huo, foleni ya magunia ikiwa imefika barabarani, baba akazima injini na kutangaza kwamba shafti inadanganya.

Alitaka mashine isimame mpaka shafti nyingine ichongwe Songea. Labda wiki moja, labda zaidi. Unaweza kuwaza jinsi maneno hayo yalivyopokelewa. Jumapili baada ya misa waliifungua wote pamoja, baba akaitundika, akaigonga. Alisema mlio umekatika mapema. Wengine walisema umelia kama kengele ya kanisani. Walirudia na kurudia, na kila mmoja akasikia alichotaka kusikia, isipokuwa baba, ambaye angependa kusikia kingine na hakuweza.

Mwenyekiti wa kikundi ni mtu mpole. Alisoma darasa moja na baba. Nimejaribu kumchukia na nimeshindwa. Yeye ndiye aliyesema, kwa heshima zote, "Mzee mwenzangu, sisi hatusikii kitu. Lakini binti yako si ndiye mtaalamu wa mambo haya haya? Kwa nini tusimuulize yeye?"

Wakapiga makofi. Baba alinipigia simu siku hiyo hiyo, na nilimsikia akicheka.

"Wamekuchagua uwe hakimu wangu, mama," alisema. Tangu nikiwa mdogo aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

"Nitumie kipande," nilimjibu. "Kidogo tu."

Sasa hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa uungwana. Mtu mwingine angeikata shafti pale anapoishuku. Baba hakuweza. Kuikata hapo ni kuiua, na shafti ni mali ya watu, na watu wenyewe walikuwa wamesimama pale na kahawa yao. Alichukua msumeno wa chuma akakata ule mkia wa nje ya puli, usio na kazi, mbele ya mashahidi. Mashine ikafungwa tena ikaendelea kumenya. Kipande akakifunga kwenye gazeti, kikateremshwa Mbinga mjini kwa mwenye duka la vipuri, mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya pwani ambaye alikuwa rafiki yake wa miaka, naye akakipakia kwenye basi. Kikapita Kitai, kikapita Songea, kikanifikia Dar es Salaam kikiwa bado kinanuka dizeli.

Ndani ya gazeti kulikuwa na karatasi ya daftari. Ninayo hadi leo. Imeandikwa: "Mama, nimekukatia mkiani, nje ya puli, ili nisiumize mali ya watu. Angalia vizuri. Mimi naisikia. Baba yako."

Niliisoma nikiwa nimesimama kituo cha mabasi. Nilitabasamu kwa ajili ya mwandiko wake, herufi zilizolala kama zimechoka, nikaikunja na kuitia mkobani. Alikuwa ameniambia kila kitu nilichohitaji kujua, na mimi niliona mwandiko.

Nilikisugua kile kipande mpaka kikawa kioo. Niliweka tone la maji, nikashusha lenzi. Namba zilikuja nzuri ajabu, zinalingana kila mahali, chuma kisicho na doa. Kilikuwa kifupi mno kubanwa kwenye jiriwa, kwa hiyo sikukivuta. Nakumbuka nilisimama kidogo juu ya jambo hilo. Ilikuwa kama unapotoka nyumbani ukajiuliza kama umefunga mlango. Halafu nikajiambia haina haja. Nilikuwa na vipande vingine vya watu wengine vinasubiri, na hiki kilikuwa cha nyumbani tu.

Baba alitaka nitoe majibu mbele ya wote, kwa hiyo nilimpigia mwenyekiti, naye akaweka simu kwenye spika pale bandani. Nilitumia sauti yangu ya darasani.

"Chuma ni kizima," nilisema. "Hakina ufa, hakina uchovu. Endeleeni na kazi."

Ningeishia hapo. Lakini nilisikia jinsi watu walivyonyamaza kunisikiliza, zile sauti za kikohozi na za watoto zimetulia, na nikalewa kidogo. Nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza.

"Baba, pengine ni masikio. Umri nao!"

Banda zima likacheka. Nilifurahi kuwachekesha. Nasema kweli, nilifurahi, na nilipokata simu nilikuwa bado natabasamu.

Baba alisema, "Asante, mama," na kicheko kilikuwa bado kinaendelea nyuma yake.

Aliiendesha mashine mpaka msimu ukaisha. Shafti haikukatika. Kila siku isipokatika ilikuwa inanitolea mimi ushahidi, na yeye inamshtaki. Magunia ya mwisho yalipomenywa, alizifuta spana zake zote kwa kitambaa chenye mafuta, akazipanga kwenye boksi na kumkabidhi mwenyekiti, isipokuwa ile ndogo ya kugongea, ambayo alibaki nayo. Mama aliniambia alichosema siku hiyo. Alisema fundi asiyesikia ni hatari kwa watu.

Baada ya hapo alianza kuuliza, "Unasemaje?" Ukimwambia ugali tayari, anauliza unasemaje. Ukimwambia mvua inakuja, anakutazama mdomo. Mama akaanza kupaza sauti, majirani nao, na watoto wa kijijini wakamwongelesha kwa mikono. Mimi nilipaza sauti kutoka Dar es Salaam, mpaka wenzangu ofisini wakawa wanajua siku ninazoongea na baba. Nilimwambia aje apimwe masikio hospitali. Akakataa.

"Umeshanipima," alisema.

Nililichukulia kuwa ni utani. Familia yetu ina utani mwingi na mimi nimeutumia kama mwavuli maisha yangu yote.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Redio ilikuwa juu kiasi kwamba tuliisikia tukiwa bado kwenye ngolo za mama, huko mteremkoni, kati ya yale mashimo ya kilimo chetu ambayo bibi zetu waliyachimba na sisi tunayachimba tena kila mwaka. Mama alisema redio hiyo itamtoa roho. Baba alikuwa amekaa pembeni ya redio, mikono juu ya magoti, kucha zake safi kabisa. Ndipo nilipoona uzee. Niliona zile kucha nikasikia uchungu, na nikadhani ni uchungu wa kawaida wa mtoto anayeona mzazi wake anachoka.

"SHIKAMOO, BABA!" nilipiga kelele.

"Marahaba, mama," alisema, na akapunguza redio.

Baridi ya mwaka uliofuata ilimkamata baba kifua. Shangazi yangu, dada yake mkubwa, ameolewa na Mnyasa huko ufukweni mwa ziwa, si mbali na Mbamba Bay, ambako joto halikosekani. Akasema aletwe kwake. Baba alikubali haraka kuliko tulivyotegemea. Nadhani hakutaka msimu umkute Maguu, aisikie ile mashine au ashindwe kuisikia. Akashuka milima na begi moja, na ile spana mfukoni.

Nilimpigia mara kwa mara. Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, nikiwa kwenye korido ya ofisi.

"BABA, DAWA UNAKUNYWA?"

"Nakunywa."

"ZA ASUBUHI NA ZA JIONI? UMENISIKIA?"

"Nimekusikia, mama."

Jumapili shangazi alipiga simu. Hakuweza kusema, akampa mtu mwingine aseme.

Tulimpandisha Maguu tukamzika juu kidogo ya mibuni yake. Mwenyekiti alipewa nafasi ya kuongea, akaongea vizuri, akasema tumempoteza fundi aliyetutumikia kwa uaminifu mpaka pale masikio yalipomchoka. Watu waliitikia kwa vichwa. Na mimi niliitikia.

Nilikuwa nimerudi kazini wiki chache tu mwenyekiti aliponipigia.

"Daktari," alisema, "ile shafti imekatika."

Ilikuwa mchana kweupe, kazi ikiendelea. Mkanda uliruka ukachapa bati la ukuta, puli ikaanguka, ngoma ikasimama. Hakuna aliyeumia. Fundi mpya alikuwa ameinama upande wa pili kuchukua debe. Nilishukuru Mungu kwa hilo na bado ninamshukuru, maana nisingeweza kubeba na hilo pia.

Nilisafiri. Sikutaka waitume, nilitaka kwenda mwenyewe. Vipande viwili vilikuwa vimewekwa juu ya gunia pale bandani, kwa adabu, kama mtu. Shafti ilikuwa imekatika chini ya puli, kwenye ule mfereji mdogo unaoishika puli isizunguke peke yake. Nilikigeuza kipande kimoja kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuhitajika mtaalamu. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi, kutu na grisi ya siku nyingi, imejichora mistari mistari inayofuatana, na pembeni tu kulikuwa na kipande chembamba cheupe kinachong'aa. Kilichokatika juma lile ni hicho cheupe. Hiyo nyeusi ilikuwa imeachana zamani, ikijifungua kidogo kila msimu, na ilikuwa imeanza kabla baba hajazima injini na kusema inadanganya.

Nilipima kwa vidole umbali kutoka kwenye ufa mpaka mahali msumeno wake ulipopita. Vidole vinne. Upande huu wa puli, chuma kilichobeba mkanda na ngoma na kahawa ya kijiji kizima. Upande ule, mkia ambao haujabeba kitu tangu uchongwe. Katika mashine nzima, nilikuwa nimepima chuma pekee ambacho hakijawahi kufanya kazi. Nilikipima kikiwa kimelala, halafu nikatoa hukumu.

Wanakikundi walikuwa wamekusanyika. Niliwaambia. Sikuweka maneno ya kitaalamu, maana nilijua ningejificha humo. Nilisema mzee alisikia sawasawa, ufa ulikuwepo, mimi ndiye niliyekosea, na niliandikiwa kwenye karatasi ambapo kipande kimetoka lakini sikufikiri. Mwenyekiti alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Tungejuaje, daktari?" alisema. "Wewe ulisema."

"Ndiyo. Mimi nilisema."

Nilitaka mtu anigombeze. Hakuna aliyenigombeza. Walinipa pole, mmoja mmoja, wakanishika mkono kwa mikono miwili, na mama mmoja akaniambia nisijisumbue, mashine ni mashine. Nilikasirika sana siku ile. Nilikuwa nimekuja na deni lisilo la fedha na kila mtu alikuwa ananisamehe lisilokuwa lake kusamehe.

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono.

"Kwa hiyo alikuwa anasikia," alisema.

"Alikuwa anasikia, mama."

Aliokota jiwe dogo kati ya maharage, akalitupa uani. "Na mimi nimempigia kelele mwaka mzima," alisema, kisha akaendelea kuchambua, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona analia huku anafanya kazi.

Siku ya pili nilishuka ziwani kuchukua begi lake. Shangazi alikuwa mchangani, ameinama anatandaza usipa ili wakauke, wale samaki wadogo wanaometameta, mkono wake ukienda na kurudi bila yeye kutazama. Nilimpa shikamoo, nikachuchumaa nikamsaidia. Nikamweleza habari ya shafti. Nilidhani atashangaa.

"Kiziwi?" alisema. "Nani kiziwi? Ndugu yangu alikuwa anakaa pale kwenye jiwe. Boti ya injini ikiwa bado iko nyuma ya mwamba, haijatokeza, ananiambia hiyo ya nani. Ananiambia hiyo injini ringi zake zimekwisha, mwambieni mwenyewe. Tukimwambia mwenyewe anasema kweli, nyie mmejuaje?"

Mikono yangu ilisimama juu ya samaki.

"Sasa kwa nini kila kitu alikuwa anauliza unasemaje?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo. Akasema, dada, usiniamini mimi, masikio yangu yameshapimwa."

Nilikaa chini mchangani. Basi haikuwa kwamba hakusikia. Alisikia kila kitu: ugali tayari, mvua inakuja, watoto wakimcheka nyuma ya mgongo, sisi sote tukipayuka. Alikuwa tu ameacha kuamini anachosikia. Kila neno lilipomfikia alilirudisha kwa aliyelitoa alithibitishe, na redio, isiyoweza kuulizwa, aliipandisha sauti, kwa sababu binti yake, ambaye amesoma jambo hilo, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba masikio yake si ya kutegemewa. Nililia kwa sauti, mbele ya wanawake wengine waliokuwa wanatandaza usipa wao, na wao wakaendelea na kazi ili nisione haya.

Shangazi alingoja. Nilipotulia alinipa pembe ya kanga yake nifute uso, nayo ilinuka samaki. Akaniambia jambo jingine, nadhani bila kujua analoniambia, au labda akijua vizuri sana; ni dada yake baba, na wote wawili walikuwa na namna hiyo.

Alisema siku ile ya Alhamisi alikuwa amekaa naye, anamenya mihogo. Simu ilipoita baba aliiweka sikioni, kisha akaisogeza mbali, mkono wote umenyooka, uso umejikunja, maana sauti yangu ilikuwa inamuumiza. Shangazi mwenyewe alinisikia kutoka alipokaa, habari yote ya dawa. Akamwambia, mwambie mtoto asikupigie kelele, unasikia vizuri tu.

Baba akatikisa kichwa. Akafunika simu kwa kiganja ili nisisikie.

"Mwache, dada," alisema. "Yeye ndiye aliyepima."

Kisha akairudisha simu sikioni, akaniambia amenisikia.